Mgeni Mpe Jembe: Uhai wa Wiki za Kujitolea



Tarehe 30 Novemba 2021, watu wanaocheza Minecraft walifungua kompyuta na simu zao wakakuta ardhi imeongezeka kina chini ya miguu yao. Kwa asiyelijua, hilo ni gemu la kuchimba na kujenga lililozaliwa Sweden mwaka 2009. Unachimba udongo, mawe na madini, kisha unajenga ukipendacho, kiwe kibanda au kasri. Hadi siku ile mwisho wa ardhi ulikuwa kimo cha sifuri, na kila mchimbaji mzoefu alijua kwamba akitaka almasi anashuka mpaka kimo cha 11 au 12, halafu anatoboa handaki kwenda mbele. Toleo la 1.18 lilipotoka, ardhi ilishuka mpaka hasi 64. Almasi zilizo nyingi sasa zilikuwa huko chini, karibu na hasi 59. Aliyeendelea kuchimba kwenye 11 kama alivyozoea aliambulia kidogo, na hakujua kwa nini.

Gemu lenyewe halikumweleza. Aliyetaka kujua alikwenda kwenye wiki ya wachezaji, akafungua ukurasa wa almasi, akakuta maelezo mapya pamoja na mchoro unaoonyesha almasi zimejaa kwenye kimo gani. Ukurasa huo uliandikwa na wachezaji wenzake, watu ambao kwa miezi kadhaa walikuwa wakipitia matoleo ya majaribio, wakilinganisha, wakibishana na kurekebishana, bila kulipwa hata senti.

Nikisema wiki leo sina maana ya siku saba. Nasema tovuti ambayo msomaji anaweza kuirekebisha yeye mwenyewe, papo hapo. Ya kwanza ilifunguliwa na Mmarekani Ward Cunningham tarehe 25 Machi 1995, kwa ajili ya waandishi wa programu za kompyuta. Wikipedia ikaja Januari 2001. Baada ya hapo watu wenye mapenzi na jambo fulani wakaona kwamba na wao wanaweza. Wapenzi wa tamthilia ya Star Trek wakaanzisha yao, Memory Alpha, mwaka 2003. Wachezaji wa RuneScape wakaanza mwaka 2005, wa Minecraft mwaka 2009. Leo karibu kila burudani yenye wafuasi wengi ina wiki yake mahali fulani, na nyuma ya kila wiki kuna watu wachache wanaokesha.

Ninachotaka tukizungumze leo ni uhai wa wiki hizi. Kwa nini nyingine inadumu miaka 20, na nyingine inajaa matangazo ya kitapeli kabla haijatimiza miwili? Ukiwauliza watu, watakutajia fedha za seva, watakutajia wingi wa makala, watakutajia umaarufu wa gemu lenyewe. Hayo yote yana nafasi yake. Lakini mimi nashikilia kwamba uhai wa wiki unapimwa mahali pengine: pale mtu asiyejulikana anapobonyeza neno "hariri" kwa mara ya kwanza, na namna anavyopokewa na waliomtangulia.

Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tumeizoea methali hii kama kemeo kwa mgeni mvivu. Mimi naisikia pia kama agizo kwa mwenyeji. Jembe lazima liwepo, liwe linalomfaa mgeni, na pawepo mtu wa kumwonyesha mpaka wa shamba.

Tuanze na kazi yenyewe, maana wengi hawaijui. Kila wiki ina ukurasa unaoitwa "Mabadiliko ya karibuni." Msomaji wa kawaida hafiki huko. Ni orodha ndefu: saa, jina la makala, jina la aliyehariri, na namba ndogo ya kijani au nyekundu inayoonyesha maandishi yameongezeka au yamepungua kiasi gani. Ukibonyeza mstari mmoja, unafunguliwa safu mbili. Kushoto ni makala ilivyokuwa, kulia ni ilivyo sasa, na kilichobadilika kimetiwa rangi.

Mlinzi wa wiki huishi katika ukurasa huo. Anaamka, kabla ya kwenda kazini au shuleni anapitia yaliyotokea usiku. Hapa mtu amefuta makala nzima akaandika matusi. Hilo ni jepesi, linarudishwa kwa kubonyeza mara moja, kwa sababu wiki huhifadhi kila toleo lililopita. Pale roboti imeweka tangazo la dawa ya kupunguza unene. Nalo jepesi, linaondolewa, akaunti inafungwa. Kinachomtoa jasho ni namba nyekundu ndogo kabisa, hasi 1. Mtu ameondoa alama moja tu, hasi 59 ikawa 59. Hakuna tusi, hakuna tangazo. Sentensi inasomeka vizuri. Asipokuwapo mtu anayelijua gemu na mwenye subira ya kufungua mstari ule, kosa litakaa hapo miezi, na wachimbaji watakuwa wakitafuta almasi mahali ambapo hazipo kabisa.

Kazi hii haina makofi. Aliyeandika makala ndefu anasifiwa. Aliyerudisha alama ya hasi mahali pake hakuna anayemjua. Na wafanyao kazi hii ni wachache sana. Mwaka 2006 mtaalamu Jakob Nielsen alieleza kanuni ya makadirio iliyokuja kujulikana sana: katika kila watu 100 wanaoingia kwenye jumuiya ya mtandaoni, 90 husoma tu, 9 huchangia mara mojamoja, na mmoja ndiye hubeba sehemu kubwa ya mzigo. Akaongeza kwamba kwa Wikipedia hali ni kali zaidi ya hapo. Kwa hiyo wiki yenye wasomaji maelfu inaweza kuwa inasimama juu ya mabega ya watu watano. Mmoja akiingia chuo, mwingine akipata mtoto, wa tatu akichoka, hesabu inabadilika mara moja.

Ikitokea hakuna anayesoma mabadiliko, nini hufuata? Tunalo tukio la kujifunzia. Mwezi Agosti mwaka 2020 iligundulika kwamba maelfu ya makala katika Wikipedia ya lugha ya Kiskoti yaliandikwa na kijana wa Kimarekani asiyeijua lugha hiyo. Alianza akiwa na miaka 12. Alichukua sentensi za Kiingereza, akabadilisha tahajia ya maneno na kuchomeka mengine kutoka kwenye kamusi, na kwa miaka kadhaa akaendelea hivyo. Hakuwa mhuni. Aliamini anasaidia. Watu wengi walimcheka na kumshambulia, jambo lililonisikitisha, kwa sababu swali la kuuliza lilikuwa jingine: katika miaka yote hiyo, wasemaji wa Kiskoti walikuwa wapi? Mtoto amejitolea jioni zake zote, na hakuna mkubwa hata mmoja aliyemkalisha akamwambia, mwanangu, hivi sivyo tunavyosema, hebu anza na kazi hii hapa. Bidii ilikuwapo tele. Kilichokosekana ni mwenyeji.

Sasa tugeuze upande wa pili, maana wenyeji wakali nao wanaua. Natoa mfano kutoka Minecraft tena. Gemu hili lina matoleo makubwa mawili: moja la kompyuta, linaloitwa Java, na jingine linaloitwa Bedrock, ambalo ndilo linalochezwa kwenye simu. Kwenye toleo la simu, ukinyunyizia miwa unga wa mifupa, miwa inarefuka pale pale. Kwenye toleo la Java, unga huo hauifanyi miwa kitu. Basi mchukulie kijana wa Mwanza au wa Kisumu anayecheza kwenye simu ya dada yake. Anafungua ukurasa wa miwa, anasoma kwamba unga wa mifupa haufanyi kazi, anashangaa, kwa sababu jana tu ameona kwa macho yake ukifanya kazi. Anajipa moyo, anabonyeza "hariri", anaandika kwamba unafanya kazi. Ni mara yake ya kwanza maishani kuandika kitu ambacho dunia nzima itakisoma.

Mlinzi anaona badiliko hilo. Amechoka, ameshafuta uongo mwingi tangu asubuhi, na kwenye ukurasa ule sehemu anayoiangalia inahusu Java. Anabonyeza kitufe cha kurudisha, bila neno, anaendelea na mstari unaofuata. Kijana anarudi baada ya dakika kumi kutazama kazi yake, haipo. Anajua alichokiona ni kweli. Kwa hiyo anajifunza jambo moja tu, kwamba pale si mahali pake, na harudi tena.

Wote wawili walikuwa na haki. Kilichohitajika ni sentensi moja kwenye ukurasa wa majadiliano wa kijana: asante, ulichokiona ni kweli kwa toleo la simu, sehemu yake iko chini kidogo, hebu iongeze pale, na ukiona tofauti nyingine kati ya simu na kompyuta tuandikie. Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo jembe. Kijana anaondoka akiwa na kazi inayomngoja kesho, tena kazi ambayo yeye anaiweza kuliko mlinzi, kwa sababu yeye ndiye mwenye simu mkononi.

Msije mkadhani natoa hisia zangu tu. Wikipedia ya Kiingereza yenyewe ilipitia hali hii. Idadi ya wahariri wake wanaofanya kazi ilipanda kwa kasi mpaka mwaka 2007, halafu ikaanza kushuka. Mtafiti Aaron Halfaker na wenzake walichunguza sababu, wakachapisha matokeo yao mwaka 2013. Waliona kwamba wageni wenye nia njema walikuwa wanaendelea kuja. Kilichobadilika ni mapokezi. Mradi ulipokua, uharibifu uliongezeka, wenyeji wakatengeneza zana za kufuta kwa haraka na sheria nyingi za kujilinda. Zana zile zilifanya kazi yake vizuri, lakini zikawafuta na watu wema pamoja na wahuni, bila mazungumzo. Mgeni aliyefutwa siku ya kwanza mara nyingi hakurudi. Waliokuwa wanajenga ukuta wa kuilinda nyumba walijikuta wamebaki wachache ndani yake.

Wengine husema dawa ni zawadi: toa fedha, toa simu, watu watakuja. Sisi Waswahili tumeshaijaribu dawa hiyo. Mwishoni mwa mwaka 2009 kampuni ya Google iliandaa shindano la kuandika makala za Wikipedia ya Kiswahili, ikawaita wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania, na miongoni mwa zawadi zilikuwamo kompyuta mpakato. Wanafunzi waliitikia. Makala mamia yaliandikwa, baadhi mazuri kabisa. Lakini shindano lilipomalizika, wengi wa washiriki hawakuonekana tena, na wahariri wachache wa kudumu wakaachiwa kazi ya kusafisha makala yaliyoandikwa kwa pupa. Siwalaumu vijana wale. Waliitwa kushindana, wakashindana, wakaenda zao. Hawakuitwa kukaa. Zawadi huleta makala, na makala bila watu wa kuyatunza huchakaa: mbunge anashindwa uchaguzi, mji unapanda hadhi kuwa manispaa, timu inashuka daraja, na ukurasa unaendelea kusema ya mwaka 2010.

Sasa niwape habari njema, maana zipo. Mwaka 2018, mwezi Oktoba, wahariri wa wiki ya RuneScape walifanya uamuzi mzito. Kwa zaidi ya miaka 10 wiki yao ilikuwa imepangishwa kwenye kampuni kubwa inayohifadhi wiki na kuishi kwa matangazo. Wakahama. Wakaunda kampuni yao ndogo, Weird Gloop, wakasaidiwa na Jagex, kampuni ya Cambridge huko Uingereza inayotengeneza gemu lile. Septemba 2023 wahariri wa Minecraft nao wakahama kutoka kwa mwenye nyumba huyohuyo, wakaenda kukaa chini ya Weird Gloop. Mwaka uliofuata wakafuata wa gemu la League of Legends. Malalamiko yao yalikuwa ya aina moja: matangazo yanayofunika maandishi, na maamuzi juu ya sura ya wiki yanayofanywa na watu wasioihariri. Kwa msomaji wa kwetu anayenunua bando la siku, video ya tangazo inayojicheza yenyewe ni fedha yake inayoyeyuka kabla hajasoma mstari mmoja.

Waliwezaje kuhama na makala yote? Kwa sababu makala ya wiki hizi hutolewa chini ya leseni ya Creative Commons, inayoruhusu kuyanakili kwa masharti, kama kuwataja waandishi na kuyaacha chini ya leseni ileile. Lakini leseni hiyohiyo iliiacha nakala ya zamani pale ilipokuwa. Kwa hiyo siku ya kuhama zilikuwapo wiki mbili zenye maneno yaleyale, na ile ya zamani ndiyo iliyokuwa ikitokea juu kwenye matokeo ya utafutaji. Ungesema wahamaji wamepotea. Ila gemu halisimami. Toleo jipya linatoka, kiumbe kipya kinaongezwa, kanuni inabadilika. Wiki yenye watu inarekebishwa siku hiyohiyo, na wasomaji, kidogokidogo, huwafuata watu. Jina, anwani na hata nafasi kwenye matokeo ya utafutaji unaweza kuviacha nyuma ukaishi. Wale watu watano huwezi kuwaacha.

Ipo hatari mpya ambayo sina budi kuitaja. Programu za akili unde hujifunza kwa kusoma tovuti, na wiki ni chakula chake kitamu, kwa sababu maandishi yamepangwa na yamehakikiwa. Aprili 2025 Wikimedia Foundation, shirika lililo nyuma ya Wikipedia, ilieleza kwamba tangu Januari 2024 mzigo wa kupakua picha na video zake umepanda kwa asilimia 50, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo imetokana na roboti zinazokusanya data. Gharama ya seva inapanda kwa ajili ya msomaji asiye na macho. Hilo linaumiza mfuko, na mimi naliona linaumiza kitu kingine zaidi. Mtu akiuliza almasi ziko wapi, akajibiwa na programu, hafiki kwenye ukurasa. Asipofika kwenye ukurasa, haoni kosa, na haoni neno "hariri". Chanzo cha wageni kinakauka bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya. Kwa hiyo mgeni mmoja anayefika siku hizi ana thamani zaidi kuliko wa miaka 10 iliyopita, na kumfukuza kwa uchovu ni hasara kubwa zaidi.

Nirudi nyumbani. Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003, na leo ina makala zaidi ya 80,000. Ina wakabidhi, ndivyo wasimamizi wake wanavyoitwa, na ni wachache ukilinganisha na mamilioni ya wasemaji wa lugha hii. Tanzania kuna vikundi vya wahariri wanaokutana na kufundishana, kimojawapo ni Jenga Wikipedia ya Kiswahili. Watu hawa nawaheshimu sana. Wanafanya kwa hiari kazi ambayo taasisi zenye bajeti zingeona nzito, na bado wanamjibu mgeni. Makala mengi humo ni yale yanayoitwa mbegu, sentensi mbili au tatu juu ya kata, mto au mchezaji. Wapo wanaozidharau mbegu hizo. Mimi naziona ni majembe yaliyosimamishwa pembeni ya shamba. Mtu wa Newala akikuta ukurasa wa kata yake una sentensi mbili, anajua mara moja yeye afanye nini.

Na si Wikipedia peke yake. Programu ya MediaWiki, inayoendesha Wikipedia, inatolewa bure. Wapo kati yenu wanaopenda bao na wanajua tofauti za uchezaji wake kutoka mji hadi mji. Wapo wanaokusanya kanga pamoja na misemo yake, na wapo wanaokumbuka kila bendi ya dansi na nani alipiga gitaa gani. Elimu hiyo inastahili wiki, kwa Kiswahili. Lakini nawasihi, msianze kwa kuhesabu makala. Kabla ya kununua anwani ya tovuti, tafuteni watu watatu watakaokubaliana nani anasoma "Mabadiliko ya karibuni" asubuhi, nani jioni, na nani atamwandikia kila mgeni mstari wa shukrani pamoja na kazi ndogo ya kufanya. Mkiwakosa hao watatu, subirini kwanza. Mkiwapata, anzeni hata na kurasa 10.

Kwenu mnaolinda wiki tayari, ombi langu ni hili: kila mnapobonyeza kitufe cha kurudisha kazi ya mtu mwenye nia njema, andikeni sababu kwa maneno yenu wenyewe, hata kama ni maneno sita. Mkichoka, pumzikeni na mwachieni mwingine zamu; mlinzi aliyechoka hukosea kwa ukali. Na mfundisheni mtu mmoja kazi yenu sasa hivi, mngali na nguvu, kabla mtihani, ndoa au kazi mpya haijawachukua.

Nawe msikilizaji ambaye hujawahi kuhariri chochote, leo ukifungua makala ya Kiswahili juu ya mahali unapopajua, isome mpaka mwisho. Ukikuta kosa, usipite. Bonyeza "hariri", lirekebishe, eleza umelitoa wapi, hifadhi. Kesho rudi utazame umejibiwa nini, na ukijibiwa, jibu.